Robo ya Kikaushio Namba Tisa

Loretta Pruchniak ameifunga kwenye karatasi laini,
ameikunja mara nne, kama jino la mtoto.
Saa tano usiku. Theluji ya ziwani imefunika Mtaa wa Parade,
na humu kwa dobi tumebaki wawili
na mablanketi yake yaliyokwisha muda, yangali mabichi.

"Itazame," ananiambia. "Imekosewa kiwandani.
Mpwa wangu anasema moja kama hii
ilinunuliwa kwa bei ya gari."

Naiweka chini ya taa, nainamisha taa ubavuni.
Mwanga wa utosini husamehe kila mkwaruzo;
wa ubavuni ndio unaosema.
Hilo nilijifunza Tanga, dukani kwa sonara Jivraj,
nilikofagia sakafu miaka miwili,
na vumbi halikutupwa: kila Ijumaa tulilipepeta
tukitafuta chembe. Kitu kikiletwa, alinikataza kuuliza bei.
Kiulize kwanza kimepita wapi.

Basi naiuliza.

Ukingo umevimba, umejikunja kwa ndani kama mdomo wa chungu.
Meno ya ubavuni yamelala yote.
Herufi zimesukumwa katikati, zinabanana,
na lile neno la uhuru limebaki miguu tu.
Kichwa cha rais kipo, ila shavu limekwisha
kama sabuni ya juzi. Mwaka hausomeki.

Kosa la kuzaliwa lina adabu zake.
Chapa ikiteleza, huteleza na kila kitu;
herufi hutoka kali hata zikikaa pembeni.
Hii haikuzaliwa hivi.
Hii imepigwa polepole, kwa joto,
makofi madogo madogo yasiyo na idadi.

Nimeziona nyingi usiku kama huu:
senti yenye malengelenge, zinki ikipumua
chini ya ngozi ya shaba;
senti kumi iliyopakwa rangi ya kucha, mwenyewe akaapa ni adimu;
robo yenye kichwa pande zote mbili, niliyoibandua kwa kisu
nikakuta nusu mbili zilizounganishwa
na mtu wa mazingaombwe.

Na namba tisa naijua. Ina ufa nyuma ya pipa.
Sarafu ikichomoka mfukoni huingia humo,
huzunguka kutoka Krismasi hadi fundi aje.

Kwenye kikapu chake, chini ya sabuni,
naiona bahasha ya kampuni ya gesi, maandishi mekundu.
Nasafisha lenzi ambayo haikuwa chafu.

"Sema basi."

"Ni ya namba tisa," nasema, nikielekeza kwa kidevu.

Anaitazama ile mashine kwa muda
kama mtu anavyomtazama shemeji aliyekopa.
Halafu anacheka, si sana.
"Kwa hiyo ni kiasi gani?"
"Robo."

Anaitumbukiza tunduni apate dakika sita zaidi.
Mashine inaitema. Anairudisha. Inaitema.
Imenenepa ukingo, imepungua upana;
hata robo yenyewe sasa si robo.

Najua kuna atakayetaka niseme hapa
kwamba mimi na sarafu hii tumefanana:
kuzungushwa ugenini, jina kusuguliwa
hadi wakubwa wa kazi wakabaki na silabi moja.
Sitaki. Meno yangu yapo yote.

Navuta droo, namtolea robo ya mwaka huu,
kali, bado ina baridi. Tunabadilishana mkono kwa mkono
bila kupatana bei. Yake naiangusha
kwenye kopo la kahawa, inagonga wenzake.
Ya kumi na moja.

Mablanketi yanaanza tena. Loretta amekaa,
amevua kiatu kimoja, anajisugua kisigino.
Kisha anainua kidole.
Ndani ya namba tisa, nyuma ya sufi na moto,
kitu kidogo kinagonga bati: ti, kimya, ti ti.

"Unaisikia?"

Naisikia.