Betri Mbili za Tochi

Nimepanda ngazi za duka Mtaa wa William
na kitambaa kibichi mfukoni, glavu moja ya kulia,
na maswali yangu nyuma ya risiti ya spoku.
Nakiganda, mwenye duka, ananitazama
kama fundi anavyotazama rimu iliyopinda:
inatibika, lakini ina mambo.

"Unakwenda wapi?"
Tororo mpaka Kisoro, namwambia,
kwa mapaja yangu na cheni.
Anapanga vitatu juu ya kaunta.

Cha kwanza kinameremeta kama sahani ya harusi.
Ukitelezesha kidole, milima ya Kigezi inakuja
na vivuli vyake.
Nalowesha kidole kwa kitambaa, nagusa.
Ramani inaruka hadi Sudani.
Navaa glavu: kimya, kama mkwe aliyenuna.
"Chaji?"
Saa tisa, anasema, ukikipunguzia mwanga.
Nikitoka Masaka, upepo ukinikataa,
kitazimika kabla sijaona pembe za ng'ombe wa Mbarara.

Cha pili chepesi kama kiberiti.
Hakina ramani, kina mstari tu,
njia ya konokono ukutani.
Ukiuacha, kinalia. Urudi vipi, hakisemi.
Nimewahi kuwa na bosi wa namna hiyo.

Natoka navyo vyote hadi barazani, kwenye jua la saa saba.
Viwili vinageuka vioo vya kinyozi,
vinanionyesha matundu ya pua yangu.
Cha tatu, sura mbaya, mpira mweusi, vitufe vigumu,
kinalitazama jua bila kupepesa.
Kinakula betri mbili ndogo, zile za tochi,
zile zinazoning'inia katika kila kioski, Bugiri hadi Kabale,
kando ya majani ya chai na sabuni ya vipande.

"Hicho ni cha wapima mashamba," anasema.
"Vijana hawakitaki."

Namuuliza swali lililonipandisha ngazi:
betri zikifa usiku, njia niliyopita inakufa nazo?
"Haifi. Kinaiweka nukta kwa nukta.
Hata akikiokota mtu mwingine, ataiona."

Simwambii habari za Owora, baba yangu,
aliyefunga gunia la kahawa kwa ukanda wa tyubu
mwaka wa sabini na saba, akatoka bila taa
kwa njia za panya za Bugisu, kuelekea mpakani.
Kona alizijua kwa pua:
hapa maganda ya kahawa yameoza, hapa maji,
hapa moshi wa askari, zima hata kikohozi.
Mama alihesabu asubuhi mpaka zikamshinda.
Tulichopata ni kengele ya baiskeli yake,
sokoni Lwakhakha, kwa mtu aliyesema
naye aliinunua.
Nukta, hakuna hata moja.

"Laki sita na nusu."
Nacheka. Naye anacheka.
Tunakutana kwenye tano na themanini,
naye anaongeza betri nne bila kinyongo.

"Nikuwekee Nyumbani?" anauliza,
kidole juu ya kitufe. "Kila mtu huweka."
Acha wazi, nasema.
Kisha namkumbuka Athieno, jana jikoni:
nenda, lakini usinirudishie hadithi, nirudishie magoti.
La, weka. Tororo, chini ya mwamba,
nyumba ya bati jekundu.

Mtaani nakiwasha kati ya maghorofa.
Kinatafuta setilaiti, kinatafuta,
mpiga debe ananikanyaga, mwenye mkokoteni ananitukana mamangu.
Hatimaye kinatamka: nimesimama
katikati ya mtaro wa Nakivubo, majini.
Nasubiri.
Kidogo kidogo kinanivuta,
kinanipandisha ukingoni, kinanivusha barabara,
mpaka kinanifikisha
ndani ya viatu vyangu.