Kifungu cha Kumi na Nne

Karatasi tatu mezani, kahawa imepoa.
Nimetafuta miwani, kisha nimetafuta sababu
ya kutozisoma. Miwani nimeipata.

Nina duka la mashine za kufulia, barabara ya Huntsville,
yanakopita malori ya kuku na kuacha manyoya hewani.
Kila usiku narudi na mfuko wa sarafu,
mzito kama mtoto aliyelala.
Bastola ya marehemu Lavon imo dropoo ya vitambaa vya meza.
Kuitumia nilijifunza kwa Jumamosi mbili.
Kinachofuata baada ya kuitumia
hakuna aliyenifunza, isipokuwa Odell Pruitt.

Odell alivunjiwa duka lake la chambo. Akafyatua mara moja,
mtu akaanguka kati ya ndoo za minyoo.
Miezi kumi na tisa mahakamani. Wakaona hana hatia.
Trekta ilikuwa imekwenda, ekari arobaini zimekwenda,
na Odell, mshindi, analala gereji kwa dada yake.
Ndiyo maana karatasi tatu.

Ya kwanza inasema: wakili tutamlipa,
ukishaonekana huna hatia.
Yaani mwavuli utaletwa mvua ikikatika.

Ya pili inalipa tangu saa ya kwanza,
ina namba ya kupiga usiku wa manane,
na fidia ya madai, hadi kiasi fulani.
Lakini wakili ni wao, si wangu,
na nikikiri kosa lolote, hata dogo,
watataka chao mpaka senti.

Ya tatu ni ile bima ya nyumba, ninayoilipia tangu harusi.
Nikamuuliza Bwana Thibodeaux: risasi imo?
Akasema imo, mama, ikiwa ni ajali.
Ikiwa ni kusudi, haimo.
Ebu nisaidie, Bwana Thibodeaux:
mbele ya majaji niape nilikusudia, maana niliokoa roho yangu,
na mbele yako niape mkono uliteleza?
Ulimi mmoja, viapo viwili.
Akakohoa. Akaniuliza hali ya paa.

Basi nikaipigia ile ya pili.
Msichana ana sauti ya asali, anaitwa Kaylin,
nasikia vidole vyake vikidonoa.
Unaishi na nani?
Na mjukuu wangu, Tobin. Miaka kumi na saba.
Donoa, donoa.
Sasa tazama kifungu cha kumi na nne, bibi,
watu huwa wanakiruka.

Maandishi madogo kama chawa. Nikayasogeza kwenye taa.
*Hatutalipa chochote endapo aliyepigwa
ni mkazi wa nyumba ya mwenye bima.*

Nikanyamaza. Kaylin akaniuliza kama bado nipo.

Kwa nini waandike hivyo,
watu wanaohesabu kila kitu,
kama hawajahesabu?

Tobin hutoka zamu ya kuku saa saba usiku.
Huingia kwa mlango wa nyuma, hawashi taa,
viatu kaviva mkononi, asije akaniamsha.
Adabu hiyo nimemfunza mwenyewe.

Majuto ni mjukuu.
Miaka yote nimeisema hiyo kama mzaha.

Nimetia sahihi ile ya pili, dola ishirini na mbili kwa mwezi,
kwa sababu ya Odell, na kwa sababu sarafu ni nzito.
Kisha nimeshuka dukani kununua balbu
ya mlango wa nyuma, dola nne,
na sanduku la chuma lenye kufuli kwa ajili ya Lavon,
namaanisha bastola ya Lavon.

Tobin nimemwambia: kuanzia leo ingia na viatu.
Piga mluzi. Gonga sufuria. Niite jina.
Akanitazama kama mtu aliyepewa ruhusa ya ajabu.

Saa saba na dakika nane.
Ngazi zinalia, balbu inawaka,
mbwa wa jirani anabweka kama kuna mwizi.
Nimekaa kitandani, mikono juu ya blanketi,
nahesabu hatua. Ni zake.
Nahesabu tena.