Kiganja cha Kikoti

Daftari lina doa la mafuta ya taa.
Mwaka wa kwanza: viota kumi na tisa.
Uliofuata, kumi na kimoja.
Mwaka huu tumepanda Ndundulu kutoka Udekwa,
ukungu hadi magotini, na kalamu haijapata kazi.

Kiota cha njule ni majani tu,
rundo ambalo ungelikanyaga ukapita.
Kikoti hupiga goti, huingiza kiganja,
hutulia kama anayepima homa ya mtoto.
"Baridi," husema.
Naandika sifuri.

Kamera tuliyoifunga mtini imetuletea
mgongo wa mkata fito
na picha mia mbili za jani moja likichezacheza.

Usiku, viazi vikiwa motoni, nikamuuliza
nani alimfundisha kuvitambua viota.
Akageuza kiazi. Majivu yakamwingia kuchani.
"Nilikuwa natega.
Hao unaowatafuta, wengine niliwala
wewe ukiwa bado hujajua kuhesabu."

Alfajiri kiganja chake kilikawia majanini.
Hakusema.
Akanishika mkono, akauingiza wangu.

Vuguvugu.

Kalamu ilikuwa begini, chini ya mwerezi.
Hakuna aliyeifuata.