Hodi ya Flashi

Kutaisi, saa tisa usiku, theluji dirishani.
Nugzari amechomeka flashi tundu la mbele,
kisha la nyuma, kisha lile lililolegea.
F12. F12. Kioo kiza,
kistari kimoja kinapepesa kama jicho la mlevi.

Nyumba hii haijawahi kumrudisha mgeni mlangoni;
hata mtoza kodi hunyweshwa divai.
Mashine lakini
haiitikii hodi.

Anazima ulinzi wa kuwashia.
Anapandisha flashi juu kabisa ya orodha.
Bado.

Tsiala anatokea, shali begani, macho mazito:
"Ile faili uliichoma, au uliinakili tu?"

Nugzari anakuna kidevu.
Aliinakili.

Usiku kucha
ametia unga mfukoni,
anangoja mkate.