Miaka ya Kuwa Nayo

Jumanne na Alhamisi, akitoka zamu,
Nesi Zoraida huja na daftari lenye doa la ayodini,
tukakaa barazani kwangu, hapa Oli, Arua,
jirani akipepeta simsim.
Ametoka Peru. Kampala wanamdai cheti:
Kiingereza, sarufi, alama sitini.
Nami Kaltuma, miaka ishirini na sita mbele ya darasa la saba,
nilidhani makosa yote nimeshayaona.

"Yanyesha," aliandika siku ya kwanza.
Nikamwambia, Kiingereza hakikubali
kitenzi kitoke nje peke yake.
Mtafutie mtu wa kunyesha.
"Nani ananyesha?"
Nikaangalia juu ya bati. Hakuna mtu.
"Kitu," nikasema. "Weka tu kitu."

Nyumba kubwa: kwao kama kwetu, nyumba hutangulia,
tuione kwanza, ndipo tuseme ukubwa.
Kiingereza hukutupia ukubwa mikononi
ukabaki umeubeba, hujui ni wa nini.

Halafu kile kitenzi kisichotenda,
kinachosimama mlangoni mwa kila swali
kama askari wa geti,
hana ufunguo, hana bunduki,
na bila yeye hupiti.

Esi ilipomtesa, nikamtungia:

Mimi, wewe, sisi, wao,
kitenzi bila mkia;
akija yeye mmoja,
esi itamrukia;
na jana ikiingia,
esi hapo hukimbia.

Akawa anaighani wodini akihesabu matone ya dripu.
Nasikia wagonjwa wawili wameihifadhi.

"Yake" ya mume na "yake" ya mke, hapo tulikwama wote.
Yao ni moja, yetu ni moja.
Mimi mwenyewe, na vyeti vyangu ukutani,
nikiwa na haraka shemeji yangu humgeuza mwanamke.
Hilo sikumwambia.

Tukafika kwenye umri.
Kwao miaka ni ya kuwa nayo,
kama mbuzi, kama deni. Kwetu pia:
nina miaka, nina njaa, nina usingizi.
Kiingereza hakikupi kitu ushike.
Wewe ndiwe hiyo thelathini na nne,
wewe ndiwe mwenye kugeuka njaa.
"Mimi ni njaa?" Akacheka
mpaka jirani akaweka ungo chini.

Alhamisi iliyofuata hakucheka.
Insha: Siku Moja Kazini. Nusu ukurasa.
Mvulana kaja alfajiri kutoka Vurra,
malaria imepanda kichwani.
Jina lake Ezama. Ana miaka minne.
Saa tano tumetoa dripu.
Mama yake kakunja kanga.

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi.
Ana miaka minne.
Makosa mawili hapo, mwanafunzi wangu yeyote angeyaona:
wakati umekosewa,
na kitenzi kimekosewa.
Wao wangesema alikuwa minne,
na wakishasema alikuwa, imekwisha,
mtoto na hesabu yake wameondoka pamoja.

Nikasahihisha alfajiri. Nikasahihisha dripu.
Nikatia esi pahali, nikatoa esi pahali.
Kanga nikaipa mwenyewe, wa kike.
Pale pengine nikaparuka.

"Na hapa?" Kidole chake kilikuwa juu ya jina.
Alijua. Si mjinga, wiki nzima alikuwa amejifunza hilo tu.

"Kwenye mtihani," nikasema, "andika wanavyotaka."

Akafunga daftari, akaliweka chini ya kwapa.
Tone moja likagonga bati, likafuatwa na jingine,
jirani akakimbiza simsim yake ndani.
Zoraida akatoa mkono nje ya baraza,
akasema, kwa Kiingereza, polepole,
kitu kinanyesha,
na esi yake ilikuwepo.