Pini ya Karani

Kwa siku tisa kizimba cha kubebea kilikaa mezani, mlango wazi,
kando ya cherehani, kama kazi ya mteja
aliyekimbia deni.
Sikumwita. Niliacha karanga tatu ndani,
nikashona sare za shule, nikajifanya sioni.
Siku ya kwanza alikizunguka, mikono nyuma
(kasuku hana mikono, lakini mtazame anavyotembea
utajua kwa nini tulimwita Karani).
Siku ya nne kichwa kiliingia,
mkia ukabaki nje kulinda njia ya kurudi.
Siku ya tisa alikula zote tatu, akanidai ya nne.

Wavu alinichomelea fundi Ndetaramo wa Pasua,
matundu madogo, kidole changu cha mwisho hakipiti.
Ndani nimekaza tawi la mpera na ganda lake,
asiteleze nikijikwaa.
Juu, gunia la kahawa nililolipiga pindo:
nusu kivuli, nusu jua, achague mwenyewe.
Makomeo mawili.
Na juu ya makomeo, pini ya nepi.

Jirani yangu Aikaruwa alicheka mpaka akashika ukuta.
"Pini ya nepi! Huyo ni ndege au mjukuu?"

Cheka, Aikaruwa. Mwaka ule ulikuwa bado Machame.

Mwaka ule nilikuwa na Shemeji.
Alikaa begani kwangu kama tepu ya kupimia,
nikaenda naye hadi dukani kununua uzi,
nikasema, ananipenda, atakwenda wapi?
Pikipiki ikalipuka pale kona ya Majengo,
na mapenzi hayana kamba.
Akapanda mgrevilea, juu kuliko alivyojua kushuka.
Siku tatu nilisimama chini na bakuli, shingo imekakamaa,
nikimwita, naye akinijibu kwa sauti yangu mwenyewe,
ile ninayowajibia wateja:
"Nakuja! Nakuja!"
Usiku wa tatu mvua ilinyesha.
Asubuhi mti ulikuwa mti.

Basi, pini.

Leo saa moja na nusu, jua halijaota meno,
nimekibeba kwa mikono miwili, kisiyumbe,
hadi nyuma ya nyumba, kwenye nyasi.
Sikukiweka chini: siafu wana njia zao
na paka wa Aikaruwa ana nia yake.
Nikakiweka juu ya stuli, nikakaa, goti likigusa wavu.
Mlima ulikuwa wazi wote, hata wingu la adabu halikuwepo.
Karani hakuutazama.
Aligeuza jicho moja juu, akajibana,
manyoya yakamlala mwilini, akawa mwembamba kama penseli.
Nikatafuta. Kule mbali: mwewe,
mdogo kama kipande cha uzi mweusi kwenye shuka.
Yeye alikuwa ameshamwona zamani.

Nikavuta gunia. Sikusema neno.
Nilihesabu hadi mia, nikakosea njiani, nikaanza upya,
kisha nikafunua upana wa kidole.
Upepo ukapita kwenye migomba.
Akanyoosha bawa moja pamoja na mguu wake, taratibu,
kama mgeni anayevua koti
baada ya kuambiwa karibu mara ya pili.

Dakika kumi na mbili. Zinatosha.
Aliporudi ndani alikunywa maji
kama aliyetoka shambani.

Sasa ni usiku, nakunja pindo la suruali.
Nyuma yangu: tak.
Komeo.
Mkono umefika dirishani kabla ya akili,
sindano bado iko mdomoni.
Dirisha limefungwa. Mlango umefungwa.
Karani yuko juu ya kiti chake, mguu mmoja, jicho moja.
"Tak," anasema tena.

Kunguru aliwasikia, na mbuzi, na jogoo wa kwa Eliaichi,
na mtoto akilia kuogeshwa.
Katika yote ya huko nje, hilo ndilo alilorudi nalo.

Nainuka kuikagua pini.