Huyu

Bahari yangu ni lita mia moja na themanini,
ghorofa ya nne, Pangani, juu ya meza ya chuma
aliyoichomelea fundi Kiragu na kuniapia
kwamba hata ng'ombe angesimama hapo.
Naikoroga mwenyewe: chumvi kwa mizani,
maji ya kisima cha ploti yaliyochujwa mara mbili
maana yakija mabichi yana floraidi ya kutia meno kutu.
Julai, baridi ikiuma, hita ya samaki huwaka kabla ya jiko langu.

Aliyeniuzia, Bwana Shivachi, alikuwa anahama.
Alibandika karatasi kwenye kioo, majina ya wote.
Kufika huku, nyuma ya pikapu, maji yalishaichapa;
wino ukabaki wingu la buluu
na neno moja zima: *huyu*.

Huyu nani?

Basi nikafungua daftari, kama la wodi.
Kitanda cha kwanza: bapa, manjano, mkiani ana wembe,
hula mwani tangu alfajiri, hagombani ila na kivuli chake.
Cha pili: wawili, rangi ya chungwa, mikanda mitatu myeupe;
mkubwa ni jike, na zamani alikuwa dume.
Hilo nimelisoma mara nne, bado nacheka peke yangu.
Cha tatu: sijamwona. Usiku nasikia tu *ta!*
kama mgonjwa anayealisha vidole akisubiri majibu.

Matumbawe ndiyo mtihani.
Mchana ni jiwe lenye ukurutu.
Taa ikigeuka buluu
jiwe linatoa vidole, midomo, nywele,
na kila picha ninayolilinganisha nayo
inafanana, kisha haifanani.

Nikampelekea picha Mwanakombo wa dirisha la dawa,
mzaliwa wa Shimoni. Akavaa miwani.
"Huyu kangaja. Wembe wake ulimlaza kaka yangu wiki nzima.
Hiki kiti cha pweza."
Na hili?
"Tumbawe."
Na hili la zambarau?
"Tumbawe. Na hilo jingine tumbawe.
Babu aliyachoma apate chokaa, dada,
hakuyauliza majina."

Lakini kulikuwa na lile dogo la kahawia
lililojiotea pembeni mwa jiwe. Sikulinunua.
Shina kama mrija, mikono kama kope.
Nikitoka zamu ya usiku, kabla ya kuvua viatu,
nalilisha kwa bomba la sindano,
tone la kamba aliyesagwa,
nalo lafumba kiganja, lashukuru.
Nilidhani lashukuru.
Miezi mitatu. Yakawa saba. Yakawa ishirini.
Tumbawe la jirani likaanza kukunjamana upande mmoja.

Jumapili, katika kitabu cha mtumba kilichotoka ukurasa wa kwanza,
nikalikuta. Kope zile zile.
Anemoni gugu. Huchoma majirani.
Ukilikata, kila kipande huota.
Dawa: maji ya ndimu, kwa sindano, mdomoni.

Hili nalijua tangu wodini:
mtu huingia akiwa kikohozi tu,
tunamtania, anatuombea chai ya pili.
Jioni faili linarudi na neno moja juu yake
na hata mwenye birika
anamimina akiwa amesimama mbali.

Nikakamua ndimu mbili.
Kumi na tisa nikayadunga, moja baada ya jingine.
Mkono haukutetemeka, ndiyo kazi yangu.
Yalijikunja kama ngumi za watoto wachanga.
Kangaja alikuja kutazama, akaenda kula mwani wake.

La ishirini limejibana nyuma ya pampu.
Ili ulione, lazima uweke shavu kwenye kioo.
Nimeliandikia mstari daftarini:
tarehe, mahali, rangi, idadi ya kope,
na kwenye nafasi ya jina, ninalolijua,
nimenakili karatasi ya Shivachi,
mwandiko wake hasa, na buluu yake:

huyu.